Mbwa wa Adde Shamsi na Mbwa Mwitu wa Bonde la Hora

Yule mliyemwona nyuma ya mapipa ya taka kule Shard End, hapa Birmingham, alikuwa mbweha. Hakuwa mbwa mwitu. Naanza na hilo ili tusibishane tena. Nilikuwa nyuma yenu na mpira mkononi, niliwaona mlivyoruka ule ukuta, na mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu mama yake hunipa sambusa, aliacha kiatu upande wa mbweha. Mbweha mwenyewe alikinusa, akakidharau, akaenda zake.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikasema maneno yaliyoniletea kazi hii ya kuandika: "Nyinyi mkikutana na mbwa mwitu wa kweli si mtahama mji?" Mkaniuliza mimi nimemwona wapi. Nikasema nimefanya kazi naye miaka mingi. Hakuna aliyeniamini. Hodan, binti wa dada yangu, ambaye huniita Abti, yaani mjomba, akanitetea kwa namna yake: "Ni kweli jamani. Abti alikuwa anadunga mbwa sindano huko milimani." Hapo ndipo mlipocheka zaidi.

Mama Neema, anayewafundisha Kiswahili Jumamosi pale Newtown, hakucheka. Yeye ametoka Bukavu, na ana macho ambayo yakikutazama kidogo tu, ujue umeshapewa kazi. "Baba Yusuf," akaniambia, "si ulitumikaka na zile imbwa za pori? Sasa uandikie batoto. Bakisoma ya kwako, na mie nitapumzika kidogo."

Nikamwambia mimi si mwandishi, niliishia kidato cha nne.

"Batoto nao habajafika kidato cha nne," akasema. "Mutaelewana."

Basi haya. Hodan amesikia najiita mstaafu, akauliza mstaafu gani ana miaka arobaini na saba. Nimemjibu: mstaafu ambaye farasi alimwangukia gotini. Siku hizi nasambaza vifurushi kwa gari na sipandi kitu kilicho juu kuliko ngazi za ghorofa. Lakini nimekwisha kustaafu kutoka kazi niliyoipenda, na mtu akistaafu ana haki ya kusumbua vijana.

Nilizaliwa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, katika mtaa ambao Wasomali na Waborana tulikopeshana chumvi, matusi na lugha. Kiborana nilikijua kabla sijakijua Kiingereza. Baada ya shule miguu yangu ilikataa kutulia. Niliuza mitumba Nanyuki, nikalinda duka la binamu Garissa, nikawa utingo wa lori la barabara ya Moyale. Siku moja lori letu likaharibika upande wa Ethiopia. Mbele yetu kulikuwa na gari jingine limekwama topeni, na mwanamke mfupi mwenye koti la mvua alikuwa anamfokea mchungaji kwa Kiamhari. Mchungaji naye alikuwa anamjibu kwa Kioromo, ambacho na Kiborana ni ndugu. Yule mwanamke alidhani anatukanwa. Kumbe yule mtu alikuwa anamwambia kwa upole kwamba kamba aliyofunga gari imefungwa mahali pasipofaa na itang'oa bampa.

Nilitafsiri. Akanitazama. Wakati huohuo bampa likang'oka.

Huyo ndiye Daktari Almaz, daktari wa mifugo, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Mkalimani wake alikuwa ameenda kuoa na hajarudi. Aliniuliza kwa Kiingereza, akitafuna shayiri ya kukaanga iliyojaa mifukoni mwake siku zote: "Unaogopa baridi?" Nikasema hapana. Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema kazini.

Sasa kuhusu mnyama mwenyewe.

Mkenya akisikia mbwa mwitu humfikiria yule mwenye madoadoa wa mbugani. Watoto wa hapa humfikiria wa kijivu anayekula bibi kwenye hadithi. Ninayemzungumzia ni wa tatu. Ni mwekundu kama matofali ya nyumba za Acocks Green mvua ikinyesha, kooni mweupe, miguu mirefu, pua nyembamba. Anaishi juu ya milima ya Ethiopia tu, kule miti inakokoma na baridi inakoanza. Waoromo humwita jeedala fardaa, mbweha wa farasi, kwa kuwa humfuata farasi au ng'ombe anayekaribia kuzaa, akisubiri kula kondo la nyuma.

Nilipomwona mara ya kwanza nilivunjika moyo. Nilitegemea meno na ngurumo. Nikaona kitu chembamba kimeinama juu ya tundu la fuko, panya anayechimba chini ya ardhi, kimenyamaza, mkia umetulia, kama mtu anayesubiri simu yake ijae chaji. Kisha akaruka na kudidimiza pua udongoni, akakosa, akapiga chafya. Nikacheka.

"Cheka," Daktari akasema. "Duniani kote wamebaki mia chache, na wengi wako mlima huu."

Chakula chake ni panya na mafuko. Kila mmoja huwinda peke yake mchana, lakini wanaishi kama ukoo. Asubuhi na jioni wanakutana, wananusana, wanarukiana kwa furaha, kisha wanazunguka mpaka wa eneo lao pamoja, wakiacha harufu kila kichaka ili jirani ajue. Anayezaa ni jike mkubwa mmoja tu. Shangazi, kaka na binti wengine wote wanamlelea. Mkubwa anarudi na panya tumboni, watoto wanamlamba mdomo, naye anawatapikia chakula kikiwa bado na joto. Hodan hapa aliandika pembeni ya karatasi: yuck. Nimeacha neno lake kama lilivyo.

Na ana akili. Akiwinda hujipenyeza katikati ya kundi la ng'ombe, akatembea nao kwato kwa kwato. Panya akisikia ng'ombe hajali. Anachelewa kumwona mwekundu aliye kati yao.

Mtu akiniuliza adui yake ni nani, husubiri nitaje bunduki. Adui mkubwa kuliko wote ni jino la mbwa wa nyumbani. Mashamba yanapanda mlima mwaka hadi mwaka, wachungaji wanapanda na ng'ombe, na ng'ombe wanapanda na mbwa. Mbwa akiwa na kichaa akamng'ata mbwa mwitu mmoja, ukoo unaonusana na kulambana kila asubuhi unaambukizana wenyewe kwa upendo. Bonde zima linaweza kunyamaza katika msimu mmoja.

Mtaniuliza kwa nini wachungaji wasikatazwe mbwa. Ukilala kule usiku mmoja na kusikia fisi anavyozunguka zizi, hutauliza tena. Mbwa ni ukuta wao na mlango wao. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa rahisi kuitaja: kumchanja mbwa wa mtu ili mbwa mwitu aishi. Kuifanya ni mambo mengine.

Niwaambie machache ya ufundi, huenda siku moja yakawafaa. Watu hudhani shida ya chanjo ni joto. Milimani shida ni baridi. Chanjo ya kichaa ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona iko sawa. Kile kisanduku cha baridi tulikitumia kuizuia isigande, na nikilala kilikuwa ndani ya blanketi langu kama mtoto mchanga. Mbwa usiyemjua usimkazie macho. Mpe ubavu, chuchumaa, ongea na mwenye mbwa kana kwamba mbwa hayupo. Ngozi ya bega ndiyo huvutwa, sindano inaingia chini ya ngozi, haraka, bila kuomba radhi. Ukimwomba mbwa radhi anajua kuna jambo.

Mimi nilikuwa Msomali wa Isiolo, sijawahi kugusa mbwa maishani. Nyumbani tulifundishwa mate ya mbwa ni najisi na yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Wengi wenu mnaijua hukumu hii, na mama zenu wameshanitumia ujumbe kuthibitisha kama nami naijua. Naijua. Naijua kuliko nilivyohitajika, na ndiyo iliyotuingiza matatani.

Kulikuwa na bonde lenye chemchemi ya maji ya chumvi. Waoromo huita maji hayo hora. Ng'ombe huyapenda sana, na kila baada ya muda makundi ya mabonde ya jirani hushushwa pale kunywa. Juu ya hora, kwenye mgongo wa mawe, palikuwa na boma la mama mmoja aliyeitwa Adde Shamsi. Adde ni neno la heshima kwa mwanamke. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na maboma mengine ya pale yalimsikiliza yeye kwanza. Chini ya boma lake, kwenye mteremko, ukoo wa mbwa mwitu ulikuwa na shimo lenye watoto wadogo.

Tulifika wanaume wakiwa wameshakubali. Tatizo lilikuwa mbwa. Wakati huo tulikuwa tunawakamata kwa mti wenye kitanzi mwishoni, na mbwa wa mlimani ana akili, anajua mti wenye kitanzi haujaja kumpa mfupa. Tulikimbia. Kwenye hewa ile nyembamba ukikimbia hatua chache unaona nyota mchana. Nikampata mmoja wa manjano. Daktari akadunga. Mbwa akalamba glavu yangu.

Nikavua glavu, nikaomba maji. Msichana akaleta jerikeni. Nikachota udongo, nikaosha, nikaosha tena, mpaka saba. Mbwa wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo, na jerikeni ikaisha. Nikaomba nyingine.

Adde Shamsi akatoka ndani.

"Wewe mwana wa Wasomali. Hayo maji yametoka wapi?"

"Kwenye jerikeni, Adde."

Wanaume wakacheka. Yeye hakucheka.

"Na kwenye jerikeni yameingiaje?"

Akanionyesha kwa kidole mto ulioonekana chini kabisa ya korongo, mwembamba kama uzi. Maji ya hora ni chumvi, mtu hanywi. Ya kunywa yalitoka kule, kwa mgongo wa mwanamke.

"Ni dini, Adde," nikasema. "Mbwa ni najisi."

"Mimi ndiye unanifundisha dini? Mate yamegusa hiyo mifuko uliyovaa mikononi. Ukaivua. Kisha ukaosha mkono mkavu mara saba kwa maji ya ndama wangu. Si ungeiosha mifuko!"

Hata Daktari, ambaye hakuelewa neno, alielewa. Wanaume walijikunja kwa kicheko. Nami wallahi nilitamani fuko anifungulie mlango.

"Nendeni," Adde akasema. "Mmewakimbiza mbwa wangu kama wezi. Fisi akija leo, nani atabweka? Msirudi."

Nikawageukia wale wanaume waliokuwa wamekubali. Wakainua mabega. Mmoja akasema, "Mbwa ni wa anayewapa chakula." Na wote wakatazama pembeni.

Ndani ya gari Daktari alitafuna mpaka shayiri ya mfuko mmoja ikaisha. Kisha akanieleza hali ilivyo. Bonde la jirani, upande wa mashariki, kichaa kilikuwa kimeshaingia. Mbwa mwitu wa kule walikuwa wanaokotwa wamekufa. Mwezi ukiandama, wachungaji wa huko wangeleta ng'ombe hora, na mbwa wao wangekuja nao. Mbwa wa Adde Shamsi wangekutana nao majini, na mbwa haohao wa Adde ndio walioshuka kila siku kuwinda panya kwenye mteremko wa shimo. Chanjo nayo haifanyi kazi siku hiyohiyo. Mwili unahitaji muda kujifunza.

"Ukoo huu ukifa," akasema, "hakuna atakayebaki wa kujaza hili bonde wala lile."

"Nikamwombe radhi?"

"Kwa maneno? Maneno umeshayatumia."

Nikaazima punda na jerikeni, nikashuka korongoni.

Kuchota maji kule ni kazi ya wanawake. Mwanaume akionekana na jerikeni ni kama mkutane na imamu kasuka nywele. Siku ya kwanza nilipopandisha, wanaume waliketi kwenye mawe kama watu walio uwanjani. "Oo! Adde Shamsi kapata mkaza mwana!" mmoja akapiga kelele. "Mbona ana ndevu?" akajibu mwingine. "Mahari yake mmetoa ng'ombe wangapi?" Niliyamimina maji kwenye pipa lake, nikashuka tena. Adde alipita mbele yangu kama anapita mbele ya punda. Salamu zake alimpa punda.

Niliendelea. Siku zilizofuata vicheko vilipungua, maana kicheko nacho huchoka. Asubuhi moja akaniita niketi, akanipa kahawa yenye maziwa na chumvi, na kabla sijainywa akauliza, "Kile kitu cha macho unachovaa shingoni, unaona nini nacho?"

Nikampa darubini. Ilimchukua muda kuacha kutazama ng'ombe wa jirani na kuhesabu makosa ya mchungaji wake. Kisha nikamwelekeza kwenye mteremko. Watoto walikuwa nje ya shimo, wanaumana masikio. Jike mmoja mwekundu akaja mbio kutoka majanini, wakamrukia mdomo, akawatapikia.

"Mama yao," Adde akasema.

"Hapana. Mama yao ni yule aliyelala juu ya jiwe. Huyu ni mdogo wake."

Akatazama tena, kwa muda mrefu. "Huyu namjua. Ana sikio lenye pengo. Anamfuata ng'ombe wangu mweusi kila akikaribia kuzaa. Nilidhani ana tamaa tu." Akashusha darubini. "Kumbe ana watu wa kulisha."

Nikamweleza kuhusu bonde la mashariki. Nikamweleza pia kwamba kichaa hakiulizi kama anayeng'atwa ana miguu minne au miwili. Aliposikia hilo aliwatazama wajukuu zake waliokuwa wanavutana mkia wa mbwa.

"Kwa nini hukusema hivyo siku ile?"

"Nilikuwa naosha mikono, Adde."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka wanaume kwenye mawe wakageuka.

Halafu akanipa somo ambalo lilibadilisha kazi yetu yote. Akasema sisi tunakuja saa ya wanaume, tunazungumza na wanaume, tunawakimbiza mbwa ambao hawamjui mwanaume yeyote ila kwa jiwe analowarushia. Mbwa wa pale hulishwa na wanawake. Kila wanawake wanapomaliza kusukasuka maziwa na kutoa siagi, yale maji yanayobaki humwagiwa mbwa kwenye ganda la kibuyu, na hakuna mbwa anayekosa. "Njooni saa ya siagi," akasema. "Acheni ule mti wenu mbali. Mbwa wangu nitawashika mimi. Yule mama yenu atadunga. Na wewe," akaninyooshea kidole, "wewe hutagusa chochote, ukanimalizia maji."

Ndivyo ilivyokuwa. Daktari alichuchumaa kando ya ganda la kibuyu, mbwa wakaja wenyewe wakitikisa mikia, Adde akiwapitisha katikati ya magoti yake mmoja baada ya mwingine, anataja majina na tabia zao. "Huyu mwizi. Huyu mvivu. Huyu mdunge mara mbili, ananikera." Kufikia ng'ombe kurudi kutoka machungani tulikuwa tumemaliza boma lake na la jirani. Kwa kitanzi tungemaliza mbwa wawili na mapafu yote. Wanawake wakapelekeana habari, na tulipofika boma linalofuata, vibuyu vilikuwa tayari. Mti wenye kitanzi ukabaki garini mpaka mtu akautumia kukorogea uji wa wengi.

Mwezi ukaandama. Ng'ombe wa mashariki wakashuka hora, vumbi na milio. Pamoja nao akaja mbwa mweupe anayetembea kama amelewa, udenda mdomoni, kichwa chini. Niliona yote kwa darubini na sikuweza kufanya lolote. Alipita kwa ng'ombe, akawavamia mbwa wa Adde majini, wakapigana. Kisha akapanda mteremko moja kwa moja kuelekea kwenye shimo. Dume mmoja mwekundu alitoka kumzuia. Vilikuwa vishindo vifupi. Wachungaji wakamuua yule mweupe kwa mawe kabla hajawafikia watoto.

Yule dume tulimpata kwenye jabali wiki kadhaa baadaye, amekufa. Alijitenga na wenzake, sijui kwa nini, na Daktari naye alikataa kunipa sababu nzuri asizokuwa na uhakika nazo. Tukasubiri. Kila asubuhi nilihesabu masikio mekundu kwenye darubini nikiwa sijapumua. Mbwa wa Adde Shamsi, wote waliong'atwa, hakuna aliyeugua, kwa hiyo hakuna aliyeupeleka ugonjwa mteremkoni. Watoto wakakua. Yule mwenye pengo sikioni akaendelea kumfuata ng'ombe mweusi.

Bonde la mashariki lilinyamaza kabisa. Tulilitembea lote. Matundu ya mafuko yalikuwa mengi kupita kiasi, na hakuna wa kuyainamia. Sijawahi kusikia kimya kama kile.

Miaka ikaenda. Mbinu zikabadilika, na siku hizi wenzangu wanawachanja hata mbwa mwitu wenyewe kwa chanjo iliyofichwa ndani ya nyama ya mbuzi, kitu ambacho zamani tungecheka. Mwaka wangu wa mwisho, kabla ya farasi na goti, mmoja wa wale watoto, jike, alikuwa ameshakuwa mkubwa. Kwao madume hubaki nyumbani, majike ndio huondoka. Asubuhi moja nilimwona amesimama kwenye mgongo wa mlima unaotenga mabonde mawili, anatazama mashariki. Kesho yake hakuwepo. Tulimwona mara moja tu kule ng'ambo, peke yake katika nchi tupu, akiacha harufu yake kwenye vichaka ambavyo hakuna jirani wa kuvinusa. Kisha mimi nikabebwa kwa machela kushuka mlima, na baadaye dada yangu, aliyekuja hapa akitokea Uholanzi, akaniita Birmingham. Niliondoka bila kujua kama kuna dume atakayevuka kumfuata.

Nimeishi na swali hilo hapa. Mtu anaweza kupeleka vifurushi mji mzima huku nusu yake iko mahali pengine. Asubuhi zenye ukungu, nikiwa Acocks Green nasubiri treni kwenda kwenye bohari, mapafu yangu hudhani tumerudi juu na hujiandaa kukosa hewa.

Wiki ile ya mbweha wenu nilikuwa nimesimama palepale kituoni simu ilipolia. Ni Daktari Almaz, kwa picha, na nyuma yake upepo. Hakunisalimu. "Kuna mtu anataka kukuambia mwenyewe," akasema, simu ikageuka, na Adde Shamsi akajaa kwenye kioo, pua kubwa kuliko uso, anapiga kelele kana kwamba ananiita kutoka ng'ambo ya bonde. Watu wa kituoni wakageuka.

"Mwana wa Wasomali! Yule binti ameolewa mashariki!"

"Amepata dume?"

"Dume gani, ana watoto! Nimewaona kwa macho yangu, na wanawake wa kule tumeshawafundisha saa ya siagi, mbwa wao wote wamedungwa. Hao watoto wananyonya, wanapigana, wabaya sana. Wanne. Au watano, hawatulii."

Nikafuta macho kwa mkono wa koti. Mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nimefikwa na msiba. Nikamwambia hapana, tumepata watoto. Akanipa mkono.

"Na huko uliko?" Adde akaendelea. "Mbwa mwitu wenu wanaendeleaje?"

Nikamwambia huku hawapo. Walikuwepo zamani, nchi nzima, watu wakawaua mpaka wa mwisho, karne nyingi zimepita. Sasa watoto wetu wanamwona mbweha wa mapipa wanaruka ukuta.

Nilidhani mtandao umekatika. Nyuma yake nilisikia ng'ombe, na mtu anamwita mbwa kwa jina.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Adde."

"Maskini," akasema. "Basi waambie hao watoto, sisi tunao."